Mazungumzo ya Jioni: Mizabibu Nyuma ya Nyumba

Juma hili hatutasema juu ya mahari wala juu ya madeni, kama tulivyozoea. Tutasema juu ya bustani. Wengi wenu mnapopita njiani kwenda Misa mnaiona mizabibu yetu nyuma ya nyumba, imejitandaza juu ya kichanja, nanyi mnasimama na kuuliza: «Mwalimu, mmea huu si wa Ulaya? Waotaje huku kwetu?» Wengine huomba vijiti vya kupanda. Tuliahidi kuwajibu wote pamoja katika ukurasa huu, na leo twatimiza ahadi. Lakini twawaambia tangu mwanzo kwamba pamoja na maelezo ya kupanda na kukata tutawasimulia pia kosa letu moja. Tulilifanya bila kujua, na asiyeonywa aweza kulirudia nyumbani mwake.

Kwanza tuwajibu wale wasemao kwamba mzabibu ni mti wa Wazungu. Sivyo. Asili yake ni nchi za Asia ya Magharibi, na Wamisri, ambao ni Waafrika, waliulima maelfu ya miaka kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Noe alipanda mizabibu baada ya gharika. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe katika Algeria mwaka 1868, alikaa katika nchi ya mizabibu. Na wana wake walifungua shamba kubwa huko Thibar, katika Tunisia, mwaka 1895, wakaipanda huko pia. Tena hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ng'ambo ya Ziwa letu, katika Tanzania, wamisionari waliipanda katika misioni ya Bihawana karibu na Dodoma, na leo wakulima wengi wa nchi ile, watu wa kawaida kama sisi, hupata fedha ya masomo ya watoto kwa zabibu, nao huvuna mara mbili kwa mwaka.

Mapadri walipofika Mpala mwaka 1885, divai ya Misa ilitoka ng'ambo ya bahari. Ilishushwa pwani, kisha ikachukuliwa kichwani mwa wapagazi, miezi na miezi ya njia, mpaka kufika Ziwani. Wasomaji, likumbukeni neno hili la vichwa vya wapagazi, maana tutalirudia.

Basi, mzabibu hupandwaje? Haupandwi kwa mbegu, bali kwa kijiti. Tafuta tawi lililokomaa la mwaka uliopita, lenye unene wa kalamu ya risasi na rangi ya udongo. Usichukue tawi la kijani. Ukate kijiti chenye macho manne, yaani vile vifundo vinavyochipuka majani. Fukia macho mawili ardhini, uache mawili juu, wala usikigeuze juu chini. Weka kivuli kidogo, tia maji kidogo kidogo, na baada ya miezi miwili au mitatu kitakuwa na mizizi. Kisha chimba shimo la upana na kina cha nusu mita au zaidi, changanya udongo na samadi iliyooza, uuhamishe mche mwanzoni mwa mvua. Kati ya mche na mche acha mita mbili. Mahali pawe na jua la kutosha, pasituame maji, kwani mzabibu hupenda kunywa lakini haupendi kusimama katika tope. Jenga kichanja cha miti migumu ambayo mchwa hawaili upesi, kirefu kupita mtu, ili hewa ipite chini yake na mbuzi wasifike juu.

Sisi tulipata vijiti vyetu katika bustani ya misioni moja, kwa mzee aliyeitunza tangu ujana wake. Alitupa vijiti kumi, saba vikashika. Mwaka wa kwanza mizabibu ilikua kwa ajabu. Matawi yalipanda kichanja, yakashuka upande wa pili, yakaingia katika mpapai wa jirani. Tulifurahi sana, tukawaonyesha wageni. Mwaka wa pili yalizidi, lakini zabibu hatukuona hata moja. Tukamwita yule mzee. Alizunguka kichanja mara moja, akasema: «Mwalimu, wewe unafuga majani.»

Akatoa kisu. Mama wa watoto alipoona matawi yanaanguka alilalamika, na sisi wenyewe moyo ulituuma. Mahali palipokatwa pakatoka maji, tone kwa tone, kama machozi, hata mtoto wetu mdogo akalia pamoja na mti. Msiogope mkiona maji hayo. Si ugonjwa, wala mti haufi. Baada ya siku chache hukoma. Tulikuwa tumefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, mwaka baada ya mwaka, sura ya kumi na tano ya Injili ya Yohane, pale Bwana wetu anaposema juu ya mzabibu na mkulima wake, lakini siku ile tuliielewa kwa mara ya kwanza. Tulidhani hukatwa tawi baya tu. Kumbe hata tawi zuri, lenye kuzaa, hukatwa ili lizae zaidi.

Sababu yake ni hii. Zabibu hazitoki katika mti wa zamani. Hutoka katika chipukizi jipya lililochipuka juu ya tawi la msimu uliopita. Ukiacha matawi yote, nguvu ya mizizi hugawanyika mahali pengi, na yote hutoa majani. Katika nchi za baridi mti hulala wakati wa theluji, na mkulima hukata hapo. Huku kwetu haulali kamwe. Kwa hiyo kisu ndicho kinachouambia: sasa anza upya.

Nasi twakata mara mbili kwa mwaka, lakini twavuna mara moja. Mara ya kwanza ni baada ya mavuno, mwezi wa Septemba. Hapo twakata kwa ukali, kila tawi libaki na macho mawili tu; matawi mapya yatakua wakati wa mvua, na vichala vikitokea hapo twaviondoa, kwa sababu vitaoza. Mara ya pili ni mwisho wa Machi, mvua zikikaribia kupungua. Hapo twaacha macho manne mpaka sita katika kila tawi nene, na yaliyo membamba twayaondoa kabisa. Majuma mawili hayapiti kabla ya macho kufumbuka. Maua hufuata, madogo sana, ya kijani, hata mtu asiyejua hayaoni. Zabibu huiva baada ya miezi minne na zaidi kidogo, katikati ya kiangazi, wakati hewa ni kavu na ukungu hauna nguvu.

Juu ya ukungu tuseme neno moja, maana ndio adui mkubwa wa mzabibu wakati wa mvua. Majani hupata madoa ya manjano juu, na chini yake unga mweupe, kisha hukauka. Dawa yake ina hadithi ya kuchekesha. Katika Ufaransa, upande wa Bordeaux, wakulima walizoea kunyunyiza maji ya mrututu na chokaa juu ya mizabibu iliyokuwa kando ya njia, ili wapita njia waone rangi ile mbaya, waogope kuiba zabibu. Mwaka 1882 mtaalamu mmoja wa mimea, jina lake Millardet, alipita huko akaona kwamba mizabibu ya kando ya njia ilikuwa na majani mazima, na ile ya ndani imeuawa na ukungu. Akachunguza, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo kwa watu wote. Mpaka leo yatumika. Hivi twaichanganya: gramu 100 za mrututu katika maji lita 5, gramu 100 za chokaa laini katika lita 5 nyingine, kisha twamimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa na kukoroga. Tumieni chombo cha plastiki, wala si cha chuma, nacho kisirudi jikoni tena. Nyunyizeni asubuhi pasipo upepo, mkijifunika mdomo na macho; watoto wakae mbali; na zabibu zikianza kulainika msinyunyize tena. Zioshwe vema kabla ya kuliwa.

Sasa tufike kwenye maji, na kwenye kosa letu.

Mmeona kwamba mizabibu yetu huzaa wakati wa kiangazi. Ni vizuri kwa ukungu, lakini Mei, Juni na Julai hakuna mvua, na mti wenye vichala waomba maji. Tulihesabu ndoo mbili kwa kila mzabibu, mara mbili kwa juma. Mizabibu ilikuwa saba. Wanafunzi wa darasa la tatu wanaosoma ukurasa huu wafanye hesabu: ndoo 28 kila juma, yaani ndoo nne kila siku. Nyumba yetu iko juu ya kilima, na mto uko chini. Kushuka na kupanda na ndoo iliyojaa ni karibu nusu saa.

Nani alizichukua ndoo hizo? Hilo hatukulihesabu. Sisi tulikuwa tukirudi jioni kutoka masomoni, tukazikuta ndoo zimepangwa kando ya kichanja, zimejaa. Tukavua viatu, tukamwagilia mti baada ya mti, tukitazama jinsi vichala vinavyonenepa, tukaingia nyumbani tukisema: «Leo tumefanya kazi njema ya bustani.» Siku moja baada ya Pasaka mama wa watoto alituambia: «Baba, mizabibu hii hainywi mtoni. Yanywa kichwani mwa mtoto.» Tukacheka. Tulidhani ni maneno tu ya mtu asiyependa bustani.

Binti yetu mkubwa alikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi. Tangu zamani alipenda hesabu kupita masomo yote. Matokeo yalipofika, alikuwa amefaulu, twamshukuru Mungu; lakini katika hesabu alipata alama chache, chache kuliko wenzake aliokuwa akiwafundisha mwaka uliotangulia. Tulimkaripia. Tulimwambia amekuwa mvivu. Hakujibu neno.

Siku chache baadaye tulikuwa tukifunga vitabu vya mwaka pamoja na walimu wenzetu, na kitabu cha mahudhurio cha darasa la sita kikapita mikononi mwetu. Tuliona jina la mtoto wetu. Mbele yake, kati ya mwanzo wa Mei na mwisho wa Juni, palikuwa na alama ya kuchelewa mara kumi na saba. Tukamwuliza mwenzetu wa darasa la sita: «Kwa nini hukutuambia?» Akatazama chini, kisha akasema: «Mwalimu, niliona haya. Wewe ndiwe unayesema na wazazi kila mwaka juu ya wasichana na maji.»

Ni kweli. Kila mwaka, katika mkutano wa wazazi, sisi ndisi tunaosimama na kuwaambia: «Msiwatume binti zenu mtoni wakati wa masomo. Msichana naye ana akili.» Wazazi hutusikiliza kwa heshima. Na wakati huo huo binti wa mwalimu alikuwa akipanda kilima na ndoo ya pili ya asubuhi, huku kengele ya masomo ikilia. Somo la kwanza la kila siku katika darasa la sita ni hesabu.

Tulirudi nyumbani, tukamwita. Tukamwuliza: «Binti yangu, mbona hukusema?» Akasema: «Niliona baba anafurahi.»

Wasomaji wapenzi, neno hilo latuuma hata leo. Kama angalilalamika, tungalipata la kumjibu. Lakini mtoto aliibeba furaha yetu kichwani, ndoo baada ya ndoo, akalipa kwa alama zake, akavumilia na karipio letu juu yake. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na sisi tulikuwa vipofu kupita hapo, maana mzigo ulikuwa wetu wenyewe, na kwa sababu ulikuwa juu ya kichwa cha mwingine hatukuuona kuwa ni mzigo. Katika Wimbo Ulio Bora yuko msichana anayelalamika kwamba ndugu zake walimtia kulinda mizabibu yao, akashindwa kulilinda shamba lake mwenyewe. Tulikuwa tumeusoma mara nyingi katika seminari, tukiwa vijana. Hatukujua kwamba siku moja tutakuwa sisi wale ndugu.

Tulimwomba msamaha mtoto, mbele ya mama yake. Wako baba watakaosema kwamba si desturi, mzazi kumwomba mtoto msamaha. Twawajibu: kama mtoto aliyekosa hufundishwa kusema «nisamehe», atajifunza kwa nani ikiwa hajawahi kulisikia kinywani mwa baba yake?

Kisha tukachukua kisu na shoka. Mizabibu saba ilikuwa mingi kupita nguvu zetu. Tulimwita binti yetu achague itakayobaki. Tulidhani atachagua ile yenye vichala vikubwa. Yeye akachagua mitatu iliyo karibu na jiko, akasema: «Hii yaweza kunywa maji ya kuoshea mboga.» Mingine minne tuliing'oa baada ya mavuno, vijiti vyake tuliwagawia wale walioomba.

Tangu siku ile twafuata sheria tatu, nazo twawapa ninyi pia.

Ya kwanza: maji ya mizabibu huchukuliwa na sisi wenyewe, Jumamosi, kwa baisikeli. Mtoto akitaka kusaidia, asaidie baada ya masomo, wala si kabla, wala si kwa amri.

Ya pili: maji yasipotee. Kando ya kila mzabibu tumefukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi, mdomo wake ukiwa sawa na uso wa ardhi, tukaufunika kwa kigae. Maji hujazwa ndani, nayo hupenya polepole katika kuta za mtungi na kuifikia mizizi. Jua haliwezi kuyaiba. Juu ya udongo twatandaza nyasi kavu, unene wa kiganja, bila kugusa shina. Maji ya kuoshea mboga na mchele hayamwagwi tena njiani. Humiminwa penye mizizi. Yale yenye sabuni nyingi au mafuta hatuyatumii. Hivyo ndoo mbili kwa juma zatosha kwa kila mzabibu, mahali pa nne. Jumla ni ndoo sita badala ya 28.

Ya tatu: kila mwaka, kabla ya kukata matawi mwezi wa Machi, twakaa na watu wote wa nyumbani na kuuliza: kazi hii ya baba yamlemea nani? Kila mmoja aseme, hata mdogo.

Labda mtauliza: mizabibu mitatu yaleta faida gani? Fedha, hapana. Mwaka jana tulivuna vichala 42. Hatukutengeneza divai, kwa sababu asiyejua kazi hiyo hupata siki, na anayeijua nusu hupata ulevi nyumbani. Wala msifikiri kumpelekea padri divai ya nyumbani kwa ajili ya altare. Sheria ya Kanisa yataka divai ya Misa iwe divai halisi ya zabibu, isiyoharibika, na paroko ndiye mwenye kuangalia jambo hilo. Zabibu zetu huliwa mezani, hupelekwa kwa wagonjwa, na vichala vizuri vyafika kanisani. Tangu zamani Wakristu, hasa wale wa Mashariki, hubariki zabibu mpya tarehe 6 Agosti, sikukuu ya Bwana wetu Kugeuka Sura. Huku kwetu siku hiyo yaangukia wakati zabibu zinapoiva. Mwaka jana binti yetu alivichukua vichala vitatu katika kikapu kidogo, akavipeleka kwa paroko avibariki. Alikwenda mikono mitupu kichwani, kikapu mkononi, naye alifika kabla ya kengele.

Sasa yuko masomo ya sekondari, na hesabu zake zimerudi. Hatusemi kwamba yote yamelipwa. Alama za mwaka ule zimeandikwa, hazifutiki.

Wasomaji, si wote mtakaopanda mizabibu. Mmoja wenu afuga njiwa, mwingine nyuki, mwingine apenda kwaya au mchezo wa mpira. Ni vizuri, mtu asiye na kazi ya kupumzisha moyo huzeeka upesi. Lakini jioni hii, mkisha kusoma, tazameni ile kazi mnayoipenda, mkajiulize: mzigo wake u kichwani mwa nani? Mkiona u kichwani mwa mke au mtoto, mjue kwamba wakati wa kisu umefika.

Wanaotaka vijiti waje mwisho wa Machi, tutakapokata. Kila jamaa itapata vijiti vitatu, wala hatutatoa zaidi ya hivyo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajibu barua ya mama mmoja anayeuliza juu ya watoto wanaosoma usiku kwa taa mbaya.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.

Mwalimu wenu